Droo za kabati la jiko: nunua reli kwanza, ndipo ukate mbao

Droo nyingi zinazokwama, kuchomoka au kugoma kufunga hazikuharibiwa na matumizi. Ziliharibika siku mbao zilipokatwa kabla ya reli kununuliwa. Reli ndiyo inayoamua upana wa sanduku la droo, urefu wake na uzito itakaobeba. Kwa hiyo utaratibu ni huu: pima uwazi, nunua reli, ishike mkononi, ndipo fundi aguse msumeno. Akikuambia "reli tutatafuta baadaye", msimamishe hapo hapo.

Tunachukua mfano wa jiko la kawaida la nyumba zetu: slabu ya zege juu, kuta fupi za tofali zinazoibeba, na chini yake milango ya mbao inayoficha masufuria ambayo mtu hupiga magoti kuyatafuta. Kugeuza sehemu moja ya uwazi huo kuwa droo tatu ni ukarabati mdogo unaobadilisha jiko lote. Kama kabati lako ni la mbao tupu lisilo na tofali, ruka maelezo ya sanduku la ndani; hesabu nyingine ni zilezile.

Droo ibebe nini, na ikae wapi

Usianze na idadi ya droo. Anza na vitu. Toa vyombo vyote, vipange sakafuni kwa makundi, kisha pima urefu wa kilicho kirefu zaidi katika kila kundi. Vijiko, visu, mwiko na upawa vinahitaji droo yenye kina cha sm 8 hadi 10 tu. Sahani, bakuli na masufuria madogo yanataka sm 18 hadi 20. Masufuria ya pilau na majagi marefu yabaki kwenye kabati la mlango, kwa sababu droo ya kuyatosha itakuwa kubwa na nzito bila faida.

Kisha pima uzito. Sahani ya udongo ya kulia chakula huwa na nusu kilo hadi gramu 700, kwa hiyo dazeni mbili zinafika kilo 15 bila shida. Ongeza mfuko wa unga wa kilo 5, mchele kilo 5 na uzito wa droo yenyewe, na umeshakaribia kilo 30. Uwezo ulioandikwa kwenye pakiti ya reli ni wa jozi nzima, tena unahesabu droo pamoja na vilivyomo. Mtu anayesoma "kilo 45" na kudhani ni kila upande anajidanganya mara mbili.

Kuhusu mahali, droo za vijiko na viungo ziwe karibu na jiko la kupikia, upande usio wa mtungi wa gesi. Chini ya sinki usiweke droo ya kawaida; bomba la maji machafu litachukua katikati yote. Pembeni, pale kabati mbili zinapokutana kwenye kona, acha nafasi ya mbao tupu ya angalau mm 50. Bila hiyo, droo ya upande mmoja itagonga kishikio cha upande wa pili na haitafunguka. Kosa hili hugunduliwa siku ya mwisho, wakati kila kitu kimeshapakwa rangi. Angalia pia fremu ya mlango wa jiko, na hakikisha mbele ya droo kuna mita 1 hadi 1.2 ya sakafu, maana droo ya sm 50 ikifunguka na wewe ukasimama mbele yake, mwingine lazima apite.

Reli: aina tatu za kuchagua

Ya kwanza ni reli nyeupe ya magurudumu ya plastiki. Ni ya bei nafuu, hubeba kama kilo 20 hadi 25, na nyingi hutoka robo tatu tu. Maana yake, kwa droo ya sm 50, sm 12 za nyuma hubaki ndani ya kabati daima. Vitu vinavyosahaulika hukaa hukohuko. Inafaa droo ya nguo au ya karatasi, si ya sahani.

Ya pili ni reli ya pembeni ya gololi, yenye kimo cha mm 45, inayotoka yote. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa majiko mengi. Jozi nzuri hubeba kilo 35 hadi 45, inasamehe makosa madogo ya fundi, na ikifa unapata nyingine ya kipimo kilekile karibu duka lolote la vifaa vya samani. Unene wake ni mm 12.7 kila upande. Ipo ya kawaida na ipo inayojifunga taratibu yenyewe. Hiyo inayojifunga yenyewe ni nzuri kwenye nyumba yenye watoto, ila inadai droo iliyonyooka zaidi, vinginevyo haitamaliza kujifunga.

Ya tatu hujificha chini ya droo. Ni laini na inapendeza, lakini haina huruma. Upana wa ndani wa droo lazima uwe uwazi ukitoa mm 42 kwa nyingi za aina hii zenye mbao za pembeni zisizozidi mm 16, sakafu ya droo iwe imeinuliwa kama mm 13 kutoka ukingo wa chini, na nyuma ikatwe pengo la kupitisha ndoano. Makosa ya mm 2 yanatosha kuifanya igome. Nunua hii tu kama mbao zinakatwa kwa mashine ya kiwandani na karatasi ya vipimo ya mtengenezaji iko mezani.

Dukani, usinunue reli kwa kuiangalia. Ivute yote itoke, ishike ncha zote mbili, kisha itikise kushoto na kulia. Ikicheza sana ikiwa tupu, itainama ikiwa na sahani. Irudishe polepole ukiwa umeisogeza karibu na sikio: sauti iwe moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mkwaruzo mahali pamoja, kuna gololi imekosekana au chuma kimebonyea. Linganisha pia uzito wa jozi mbili za urefu uleule kutoka watengenezaji tofauti. Chuma cha mm 1.2 ni kizito waziwazi kuliko cha mm 1.0, na tofauti hiyo ndiyo unayolipia.

Kwa wakazi wa pwani, iwe Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, upepo wa chumvi hula gololi kabla ya kula chuma chenyewe. Ukipata reli za chuma kisichoshika kutu, lipa tofauti hiyo kwa droo za jikoni na bafuni. Za vyumba vingine zinaweza kuwa za kawaida.

Mbao za sanduku

MDF, yaani bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini kukata na kupaka rangi, lakini ukingo wake ukinywa maji unavimba na haurudi. Chipubodi nayo hivyohivyo, na hushika skrubu vibaya zaidi. Kwa sanduku la droo ya jikoni chukua plaiwudi ya mm 15 au 18. Mbele ya droo, panapoonekana, unaweza kuweka MDF iliyopakwa rangi pande zote sita, au mbao ngumu.

Kwenye mbao asilia, mninga unasifika kwa sababu ya kweli: ukishakauka, haujikunji wala kusinyaa sana. Mkongo nao ni mtulivu. Mtiki ni mzuri. Msonobari ni rahisi na hupatikana kila mahali, lakini ukiuziwa mbichi, droo iliyofunga vizuri wakati wa masika itakuwa na nafasi ya kupitisha kidole ikifika kiangazi. Makasha ya pwani yenye misumari ya shaba, yale yenye vidroo vitatu chini, yanafunguka bila reli yoyote kwa sababu vidroo ni vidogo na mbao zake ni ngumu na kavu. Mbao kwa mbao huwezekana kwa droo ya aina hiyo, ukisugua mshumaa kwenye njia yake. Kwa droo ya sahani, sahau.

Bodi nyingi huuzwa kwa jina la "marine" na muuzaji huapa haziogopi maji. Usibishane naye, omba kipande kilichobaki. Pima unene wake sehemu tatu na uandike, kiloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi pima tena. Kikiongezeka mm 1 au zaidi, au tabaka zikianza kuachana pembeni, bodi hiyo ni ya chumba kikavu.

Sakafu ya droo ndiyo hukatika kwanza kwenye droo za bei rahisi. Hadibodi ya mm 3 iliyopigwa misumari kwa chini hudondoka ikiwa na mzigo, kwa kuwa uzito wote unavuta misumari kutoka. Weka plaiwudi ya mm 6 ndani ya mfereji uliochongwa kwenye mbao zote nne, kina mm 6, ukianzia mm 12 juu ya ukingo wa chini. Hapo uzito unakalia mbao, haubebwi na misumari. Droo ikizidi upana wa sm 60, panda hadi mm 9.

Vipimo: mfano mmoja hadi mwisho

Kuta za tofali hazinyooki. Ndiyo maana reli haifungwi moja kwa moja kwenye tofali wala kwenye fremu ya zamani ya milango. Unatengeneza sanduku la mbao linaloingia kwenye uwazi, na droo zinafungwa ndani ya sanduku hilo.

Pima upana mbele na nyuma, kila upande mara tatu: juu, katikati, chini. Tuseme umepata 655, 652, 648 mbele na 653, 650, 646 nyuma. Kipimo chako ni kile kidogo kuliko vyote, 646. Toa mm 6 za kuingizia, sanduku la nje ni mm 640. Ubao ukiwa mm 18, uwazi wa ndani ni 640 toa 36, yaani 604. Reli za gololi zinachukua mm 26 kwa pande mbili pamoja na nafasi ndogo ya kupumua, kwa hiyo upana wa nje wa droo ni 578. Mbao za pembeni za droo zikiwa mm 18, vipande vya mbele na nyuma vinavyokaa kati yake ni 542.

Kwenda juu: kutoka sakafuni hadi chini ya slabu ni 790. Weka miguu ya plastiki inayorekebishika ya mm 100. Usiiruke hatua hii. Jiko linapigwa deki kwa ndoo, na sanduku linalokaa sakafuni hunywa maji kila siku. Acha mm 10 chini ya slabu. Sanduku lina kimo cha 680. Kina cha sanduku kiwe 530 na reli ziwe za mm 500. Kabla ya hapo, ingiza mkono nyuma: bomba likipita ukutani huko, huenda ukalazimika kushuka hadi reli za 450.

Nyuso za droo: 680 toa nafasi tatu za mm 3 zinabaki 671, zinazogawanywa 151 juu, 260 katikati na 260 chini. Upana wa uso ni 636. Hivi ni vipimo vya kipande kilichokwisha kubandikwa ukanda wa ukingo. Ukanda wa mm 1 ukizunguka pande zote, mkataji apunguze mm 2 kwenye urefu na mm 2 kwenye upana. Masanduku ya droo yawe na kimo cha 100 juu, na 190 kwa zile mbili za chini.

Jumla ya mbao za mm 18 kwa kazi hii ni kama mita za mraba 2.6 hadi 2.8, na bodi ya futi 4 kwa 8 ina karibu 2.98. Inaonekana inatosha. Kila mkato wa msumeno hula mm 3 au 4 na vipande havipangiki bila mabaki, kwa hiyo chora mpango wa kukata kwenye karatasi kabla ya kulipia bodi moja.

Kuunganisha na kufunga

Unganisha droo kwa gundi ya mbao na skrubu, au kwa meno yaliyofumana kama fundi wako anayaweza. Gundi ikiwa bado mbichi, pima kona kwa kona mara mbili. Vipimo viwe sawa, au vitofautiane kwa mm 1 tu. Kama kimoja ni kirefu, bana kona hizo mbili hadi vilingane, kisha acha ikauke. Droo iliyokaa upande haiponi baadaye kwa randa wala kwa msasa.

1. Ingiza sanduku kubwa, lirekebishe kwa miguu hadi pimamaji itulie mbele, pembeni na kwa kina. Jaza nafasi kati yake na tofali kwa vipande vyembamba vya plaiwudi pale tu utakapofunga skrubu. Ukikaza skrubu mahali penye uwazi nyuma yake, ubao unavutwa kuelekea ukutani na upana wa ndani unabadilika.

2. Pima uwazi wa ndani tena: mbele, nyuma, juu, chini. Uwe 604 kila mahali, tofauti isizidi mm 1.

3. Kata kibao cha kupimia chenye urefu wa mm 552. Kisimamishe kwenye sakafu ya sanduku, weka reli juu yake, ncha ya mbele ikiwa mm 2 ndani ya ukingo, funga. Hamisha kibao kilekile upande wa pili, funga. Kisha kikate kiwe 300 kwa droo ya katikati, halafu 45 kwa ya chini. Kwa njia hii pande mbili haziwezi kutofautiana kimo, hata kama futi kamba imechakaa.

4. Kwenye masanduku ya droo, funga sehemu ya ndani ya reli, ukingo wake wa chini ukiwa mm 28 juu ya ukingo wa chini wa droo na ncha yake ikiwa sawa na mbele ya sanduku.

5. Anza na matundu marefu tu, skrubu mbili kila reli. Ingiza droo, ifungue na kuifunga mara kumi, rekebisha juu au chini, ndipo ukaze skrubu za matundu ya duara.

6. Bandika uso kwa utepe wenye gundi pande mbili, weka vipande vya plastiki vya mm 3 kati ya nyuso, ukiridhika funga kwa skrubu nne za mm 30 kutoka ndani.

Skrubu za reli ziwe mm 16 zenye kichwa bapa kinachozama. Kichwa kikijitokeza hata nusu milimita, kinakwaruza gololi na ndani ya wiki chache reli imeharibika. Watu hulaumu reli. Toboa kwanza kwa biti ya mm 2.5, la sivyo plaiwudi itapasuka ukingoni. Vishikio vina umbali wa matundu wa 96, 128, 160 au 192, kwa hiyo nunua vyote kwa pamoja kabla ya kutoboa.

Droo ikigoma

Ikiwa nzito kuvuta mwanzo hadi mwisho, sanduku la droo ni pana kupita kiasi. Punguza kwa randa upande mmoja, usilazimishe. Ikiwa nyepesi mbele na nzito nyuma, kabati limebana kwa nyuma. Ikijifungua yenyewe, kabati limeinamia mbele: zungusha miguu, usiguse reli. Ikifungwa na kurudi nje kidogo, kitu kinagusa nyuma, mara nyingi bomba au skrubu ndefu. Ikicheza kushoto na kulia, uwazi ni mpana. Weka kipande cha kadi ngumu nyuma ya reli.

Kwenye ukarabati kuna adui wawili wa reli ambao hawaonekani. Wa kwanza ni vumbi la kukata marumaru. Linaingia kwenye grisi ya gololi na kuigeuza msasa, kwa hiyo reli zifungwe baada ya grainda kuondoka ndani ya nyumba. Wa pili ni asidi ya kusafishia marumaru. Mvuke wake hupandisha kutu kwenye reli mpya na vishikio ndani ya siku chache tu, hata vikiwa kwenye pakiti zilizofunguliwa chumba hichohicho. Safisha sakafu, suuza kwa maji mengi, acha madirisha wazi siku mbili, ndipo ulete vyuma.

Reli zikichafuka, toa droo: ivute yote, bonyeza kijiulimi cha plastiki cha upande mmoja juu na cha upande wa pili chini kwa wakati mmoja, kisha vuta. Futa kwa kitambaa kikavu na upake grisi nyeupe kidogo kwenye njia ya gololi. Mafuta ya kupikia hapana. Yanaganda, yanashika vumbi na kuita mende. Unaporudisha, sukuma gololi zote zije mbele kwanza, ingiza pande mbili sawasawa na polepole. Ukihisi kizuizi, toa uanze tena, kwa sababu kusukuma kwa nguvu hapo ndiko kunakomwaga gololi sakafuni.